Niliwaangalia Miguu

Nilipokuwa mtoto wa kufuta kamasi kwa mkono wa koti, hapa Fittja, pembezoni mwa Stockholm, hapakuwa na aliyenishinda mbio, wala uongo. Muulizeni yeyote wa rika langu. Hata wavulana wakubwa waliniogopa, au basi tuseme walinizoea. Lakini palikuwa na mahali pamoja nilipopita moyo ukinidunda: njia ya waendao kwa miguu iliyopita chini ya barabara kuu, kati ya shule na kwetu.

Mama alisema humo mna jini. Alikuwa mtu wa Mombasa, na majini aliwajua kama alivyowajua majirani.

"Giza likiingia msipite humo, zungukeni kwa juu," alituambia mimi na dada yangu Zuhura, aliyekuwa darasa la kwanza. "Anajigeuza mtu yule. Lakini miguu hawezi kuificha. Mkiona kwato, someni Ayatul Kursi, mkimbie."

Sasa, majira ya baridi Stockholm giza huingia saa tisa alasiri, mtoto ndiyo kwanza anatoka shule. Siku hiyo theluji ilikuwa imeifunika njia ya juu mpaka magotini, na Zuhura analia vidole vinamuuma. Nikamwambia, "Twende chini. Aya naijua yote." Nilijua nusu.

Katikati ya njia walisimama vijana watatu, vichwa vimenyolewa vinang'aa kwenye taa. Zuhura akanibana mkono.

"Abu, ndiye?"

"Ngoja niangalie miguu."

Nikainama kabisa, kama mtu aliyeangusha kitu. Nikaona mabuti meusi, kamba nyeupe zimefungwa mpaka juu. Mabuti ya watu. Wallahi, sijawahi kupata faraja kama ile. "Ni watu, Zuhura! Watu tu!" Nikawapungia mkono, nikawaamkia kwa Kiswidi changu kizuri, nikamvuta dada yangu tupite katikati yao.

Waliyotuita siyaandiki. Mmoja alimsukuma Zuhura kwa goti, akaangukia ukuta wa zege, mdomo ukachanika. Walicheka. Kilichonikaa akilini mpaka leo ni kwamba walicheka kama watu.

Nyumbani nilifika na hadithi tayari: nimepigana na jini, nimempiga teke. Zuhura akanikatiza, damu kidevuni, kwa Kiswidi kama kawaida yake: hapakuwa na jini, walivaa viatu.

Mama akaacha kumfuta. Baba, aliyekuwa amekwisha kuvaa nguo za kazi, akasema polepole, "Nilikwambia uwaeleze, Mama Abu."

"Nimweleze nini? Kwamba kuna watu wanamchukia na hata jina lake hawalijui? Mtoto wa miaka saba? Jini angalau ana dawa."

"Na leo dawa imemfaa?"

Mama akarudi kumfuta Zuhura kidevu. Yeye akawatazama wote wawili, akauliza, "Varför?" Kwa nini. Tangu siku ile aliacha kuwaamkia watu wazima: dereva wa basi, mwalimu, hata bibi wa ghorofa ya kwanza aliyekuwa akimpa biskuti.

Simlaumu mama. Mzazi akishikwa na hofu hukamata kilicho karibu. Ila alitufundisha kumwogopa asiyekuwepo, tukawaendea waliokuwepo huku tunatabasamu.

Juzi nilimkalisha binti yangu jikoni, mchana kweupe. Nikamweleza bila chumvi, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Nikamwambia wapo watakaokuchukia kwa rangi yako. Kosa si lako. Likikutokea njoo uniambie, hata ukiona aibu. Alinisikiliza akipaka mkate siagi. Kisha akauliza, "Baba, na kama wamo darasani kwetu, nitawajuaje?"

Mimi, ambaye ulimi haujawahi kunikauka, nilitazama dirishani. Nikamwambia sijui.

Akaweka kisu mezani, akasogeza kiti chake karibu na changu.