Mpini wa Mutua

Leo nimefyatua bastola mbele ya umati na nikapigiwa makofi.

Msishtuke. Ni ile ya kuanzishia mbio, ya mlio tu. Marehemu mume wangu Mutua ndiye aliyekuwa akianzisha mbio za shule hapa Machakos kwa bastola hii, kila mwaka. Mwaka huu wameniomba mimi.

Shida ilikuwa mpini wake wa mbao. Ni mnene, kidole changu hakikufika kwenye kifyatulio.

Juzi nikampelekea shemeji, mchonga vinyago. Akashika tupa, nami nikamshika mkono.

"Hapo usiguse!"

Hapo pamebonyea. Ni kidole gumba cha Mutua, miaka yote ile.

"Sasa shemeji, nisipopunguza utashikaje?"

"Punguza upande ule mwingine."

"Woi! Hata mbao sasa mnagawana na marehemu?"

Tulicheka, jamani. Lakini akapunguza.

Leo wasichana wa mita mia wameinama kwenye mstari. Mmoja akanong'ona, "Aki huyu mama ataweza?"

Nimeinua mkono. Kidole kikafika.

Paa!

Wameondoka pamoja, hakuna aliyerudishwa.

Mwalimu wa michezo akaja mbio. "Mama, na za mchana utaanzisha?"

Nikamuuliza, kwani kuna mwingine?

Nyinyi mnamjua mwingine?