Aliyebaki Kwenye Mti

Kila kiangazi kanisa letu la Likasi huigiza kutoroka kwa mwinjilisti wetu wa kwanza. Alikamatwa akiwa kijana, akauzwa kwa wafanyabiashara wa watumwa waliotoka upande wa magharibi, akafungwa mti shingoni na kupelekwa njia ya Lualaba. Kabla ya kuvuka mto alijinasua. Miaka mingi baadaye alirudi na Biblia, akazunguka vijiji hadi uzee wake akisema kwamba mtu hauzwi. Mchezo huanza barabarani, mbele ya kanisa. Mwigizaji akikimbia, kwaya hupokea wimbo na watu wote humfuata ndani.

Nilikuwa nimekaa Kolwezi, kisha Kasumbalesa, kisha mahali ambapo hata sikupapenda, na kote huko nililikumbuka vumbi la siku hiyo. Mwaka huu nilirudi kwa sababu mama aliniita. Magoti yake yamekwisha. Macho bado.

"Ule muti iko na panda mbili," aliniambia kabla sijaweka mfuko chini. "Bale banaonyesha moja tu."

Nilikijua kisa hicho tangu utotoni. Mti mmoja wenye panda kila ncha ulifunga shingo za watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nyuma ya mwinjilisti alikuwa dada mkubwa wa bibi yake mama, msichana tu. Hatukubuni sisi. Mwinjilisti mwenyewe, aliporudi, alikwenda kwa wazazi wa msichana huyo kabla ya kwenda kokote, akakaa chini, akasema: tulikuwa pamoja, nilifungua kwangu, aliniita, sikugeuka. Yeye hakuficha. Sisi wa kanisa ndio tuliofupisha. Mama alitaka msichana huyo aonekane, hata mara moja, kabla yeye mwenyewe hajafa.

Nilikwenda kwa mzee wa kamati ya mchezo kuomba nimwigize mimi.

"Ule alikuwa binti," alisema. "Weye iko na ndevu."

"Nitanyoa."

"Na mvi?"

"Hizo utavumilia, papa."

Akacheka, akakubali. Alinionya tu kwamba sitakuwa na la kusema.

Siku yenyewe walinifunga mikono, wakanitia shingo kwenye panda ya nyuma, wakaifunga kwa kijiti. Mbele yangu alikuwa mwendesha pikipiki mmoja, mwinjilisti wetu wa kila mwaka. "Yaya, usinikanyage," alininong'oneza, akiniita kaka mkubwa. "Viatu ni vya kuazima."

Tulitembea vizuri. Sikutegemea hilo. Watu wawili wakipatana hatua, mti hauwi mzito sana. Mwili unamjua aliye mbele bila kumwona uso. Nilianza hata kupumua pamoja naye. Kisha akachomoa kijiti cha shingoni kwake, akakimbia, na ncha yake ikaanguka chini. Uzito wote ulinijia shingoni na kuniinamisha mpaka nikapiga magoti. Kwaya ililipuka. Watu walinipita pande zote mbili wakipiga makofi. Niliona sketi, soksi za wanafunzi, na magongo ya walioigiza watekaji, ambao nao walikuwa wakiimba. Wote wakaingia kanisani.

Barabara ilibaki tupu. Nilijaribu kusonga, ncha ya mbele ikachimba vumbi na kunirudisha. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya ukuta, ananitazama. Ndani waliimba ubeti baada ya ubeti, wakaomba, wakashukuru, na mimi nikasikia pumzi yangu mwenyewe kama ya mtu mwingine aliyekaa karibu sana.

Hatimaye mwendesha pikipiki alitoka akijifuta jasho.

"Yaya, pole. Nilikusahau. Kwa mazoea, minye nakimbiaka tu."

Akainama kushika kijiti cha shingoni kwangu.

"Usimufungule kwanza," mama alisema. "Atembee. Niko nataka kuona vile alienda."

Yule bwana alinitazama, akaachia kijiti. Nilisimama. Niliinua mti kwa mikono yangu iliyofungwa, nikageukia upande wa magharibi, nikapita ukuta wa kanisa, nikapita meza za wauza mikate. Hatua zilikuwa fupi. Nyuma yangu nilimsikia akiuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, afike wapi?"

"Sijui," mama alisema. "Hakuna mutu alirudiaka kutuambia."

Nikaendelea kutembea.