Laini Tano kwa Dole Gumba Moja

Nilimwambia shikamoo, hakuitika.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, mama mtu mzima, ananizidi kama miaka kumi na tano hivi, khanga ya pili kaitandika mapajani kama mtu aliyekuja msibani. Mimi nimetolewa mahabusu, sina viatu, nimeletwa nionyeshwe kwake. Kwetu milimani shikamoo haiachwi hewani. Hata mtu mliyegombana naye mpaka wa shamba ataitika, ataitika huku amenuna. Huyu alinitazama kuanzia miguuni mpaka kitambaa cha kichwa, halafu akamgeukia askari.

"Ndiye huyu," alisema. Na hakuwahi kuniona kabla ya siku ile.

Askari akamwambia aeleze tena, na mimi nisikie. Akaeleza polepole. Yeye ni wa Magoma, kule chini. Alipigiwa simu na mwanamume aliyesema yuko hospitali, kwamba kijana wake wa bodaboda kagongwa na lori, dawa zinatakiwa sasa hivi, pesa aitume kwa nesi wa zamu. Akatajiwa jina la nesi na namba yake. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya kumpeleka mume wake kupasuliwa jicho. Alipoingiza ile namba, kabla hajaweka namba ya siri, jina likatokea, lile lile alilotajiwa. Lilikuwa jina langu, na la baba yangu, na la ukoo wetu.

"Mwanangu alinifundisha, mama usitume mpaka uone jina," alisema, na sasa akanitazama usoni. "Nikaliona. Jina la Kishambaa, la mtoto wa watu. Nikasema huyu wa kwetu, hawezi kunila. Nilituma kwa sababu yako wewe."

Kijana wake siku hiyo alikuwa kijiweni anakula mihogo, simu imeisha chaji. Hakuna lori lililomgusa.

Ningesema nini? Jina ni langu. Kitambulisho cha taifa ni changu. Alama ya kidole ni yangu. Laini tu ndiyo sikuwahi kuishika mkononi.

Nirudi nyuma sasa, nieleze ilivyokuwa, na nitawataja waliohusika kwa kazi zao. Majina yao nimeyaandika penye kuandikwa.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Kazi yangu ni karoti, kulima na kuosha. Karoti za Mlola haziendi sokoni na udongo, tajiri anayenunua hazichukui. Unashuka mtoni, unazimwaga kwenye gunia, unasugua kwa mkono na mchanga mpaka zing'ae. Miaka zaidi ya ishirini nimesugua. Ukinishika vidole utadhani umeshika kigae. Ile michoro ambayo Mungu ameiweka kwenye ncha za vidole, mimi yangu imekwisha. Wanawake wengi wa huku tuko hivyo, wala hatukuwahi kuona kama ni tatizo mpaka zilipoingia hizi mashine.

Mtendaji wa kijiji alitutangazia kwamba mtu asiyesajili laini upya atafungiwa, na kwamba wakala atakuja pale pale ofisini. Siku ikafika, tukapanga foleni. Wakala hakuwa kijana wa kurukaruka. Alikuwa mwanamume wa makamo, ana upara unaoanza, shati la kampuni limepigwa pasi. Alitusalimia kwa adabu, wazee wote shikamoo, mmoja mmoja. Meza aliyokalia ni ya mtendaji. Kiti ni cha mtendaji. Mchana alikula ugali nyumbani kwa mtendaji, tuliona sahani inapita.

Zamu yangu ilipofika nikaweka dole gumba kwenye kile kioo chekundu. Akatikisa kichwa, haijasoma. Nikaweka tena. Haijasoma. Nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja mtani wangu, mdomo wake haupumziki.

"Huyu siku ya kiyama atarudishwa mlangoni," akasema. "Malaika watasema, mama, vidole havisomi, kalete barua ya mtendaji."

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Wakala naye alicheka kidogo, akatoa kitambaa chake mwenyewe mfukoni, akakilowesha maji, akanifuta dole kama unavyomfuta mtoto.

"Hivi ni vidole vya kazi, mama yangu," aliniambia. "Usione aibu. Weka tena, taratibu."

Nikaweka. Nikaweka tena. Niliweka mara tano au sita, kila mara yeye anabonyeza bonyeza simu yake na kusema bado kidogo. Nilimwonea huruma kwa usumbufu ninaompa. Mwisho akasema tayari, nikamshukuru sana. Siku iliyofuata nilimtumia fungu la karoti kupitia kwa mtendaji. Mwizi nimemlisha kwa mkono wangu.

Maana kila nilipoweka, ilikuwa imesoma. Ya kwanza ilisajili laini yangu. Zilizobaki zilisajili laini zake, kwa jina langu. Hakunidanganya mimi peke yangu, alichagua wale wenye vidole kama vyangu, kwa sababu sisi tumezoea kuambiwa hatusomeki, hatuulizi. Wenye vidole laini, mwalimu na muuza duka, waliweka mara moja wakaondoka.

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu siku ile ile, wa kusema umefanikiwa kusajili. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Nikaona ni kampuni inarudia rudia kama kawaida yao, nikafuta, simu ilikuwa imejaa. Ungekuwa wewe ungefanya nini sijui. Mimi sasa nawaambia watu wasifute kitu.

Miezi ikapita. Halafu tajiri anayenunua karoti zangu, mtu wa Korogwe, akataka kunilipa kwa simu badala ya taslimu. Aliingiza namba, jina likatokea, akaacha kubonyeza. Akaniuliza kama nina laini nyingine. Nikamwambia sina. Akaniuliza tena, safari hii bila kunitazama. Kisha akatoa noti mfukoni, akapakia magunia, hakuomba hata karoti za nyongeza kama alivyozoea. Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Baadaye sana nikaambiwa shemeji yake alitapeliwa kwa jina langu.

Nilihisi kuna kitu kinanizunguka, sikijui. Kanisani mama mmoja alihamisha mkoba wake nilipokaa. Nikasema labda najitia mashaka.

Walinikuta mtoni nasugua. Wanaume wawili wenye makoti, na mtendaji nyuma yao anaonyesha njia. Wakaniuliza jina, nikalitaja lote. Mmoja akalilinganisha na karatasi. Wenzangu waliacha kusugua, maji yakawa yanapita tu juu ya karoti. Niliomba ninawe udongo, wakasema nitanawa huko huko. Mtendaji alikuwa anatazama mlima wa ng'ambo kana kwamba anahesabu miti.

Nililala mahabusu siku tatu. Aliyeniokoa ni askari wa kike, mpole, wa maneno machache. Baada ya yule mama wa Magoma kuondoka, alichukua simu yangu kwenye bahasha, akanionyesha namba fupi za kubonyeza, unaingiza kitambulisho chako, inakuletea laini zote zilizosajiliwa kwako. Zikatokea tano. Akaniuliza ninazijua ngapi. Nikamwambia moja. Akatafuta zimesajiliwa lini, ikaonekana zote siku moja, asubuhi moja, zimefuatana.

"Uliweka kidole mara ngapi?" aliniuliza.

Hapo ndipo nikaelewa. Nikalia kwa hasira.

Nikatoka kwa dhamana ya kaka yangu, kila Jumatatu nashuka kuripoti. Kesi yenyewe haijafutwa, wanasema upelelezi unaendelea. Nilikwenda ofisi ya kampuni pale Lushoto mjini, binti wa dirishani akanipa fomu, nikajaza, nikarudi, nikajaza nyingine. Laini tatu wamezifunga. Ya nne, kati ya hizo zake, bado iko hewani. Nimeipiga mwenyewe mbele ya yule binti. Iliita. Mtu akapokea, akanyamaza, nikasikia anapumua, akakata. Binti akasema suala liko makao makuu. Mama, subiri.

Nisubiri nini? Mtu yule leo hii anaweza kumpigia mama mwingine, na mama huyo akiangalia jina kama alivyofundishwa ataniona mimi. Waliofundisha watu waangalie jina hawakuwaambia kwamba jina linaibwa. Mwambie mwenzako: kata simu, mpigie mwanao mwenyewe kwanza, akiwa hapatikani mtafute anayekaa naye. Na wakikwambia kidole hakijasoma, usiweke mara ya pili mpaka wakuonyeshe kioo cha simu yao.

Mama wa Magoma nilimfuata kwake kumweleza. Alinipa kiti. Mume wake alikuwa pale, jicho halikupasuliwa, limeshafunga, akauliza nani amekuja.

Nimemtaja wakala. Naitaja kampuni iliyompa mashine na kumlipa kwa idadi ya laini bila kumuuliza anazipataje. Na sasa namtaja mtendaji, maana yeye ndiye niliye naye karibu. Mtendaji kamkana wakala, anasema alijileta mwenyewe, hamjui. Basi, mtendaji, mkutano wa kijiji ujao nitakuwepo, nitakaa mbele. Usiutazame tena mlima. Simama utuambie nani alimleta mtu yule, namba uliyompigia kumwita uitoe, na ulipewa nini. Utatujibu mbele ya watu wote, na kama hutaki kwetu, utamjibu mama wa Magoma. Nitampandisha kwa nauli yangu.