Mwanasiti na Nyavu Zisizooza

Mavyaa wangu, Mwanasiti binti Sheikhan, mama wa mume wangu, alikuwa mtu asiyekubali kulishwa. Ukimpelekea bakuli la mchuzi alilipokea kwa maneno mazuri, akakukalisha, akakuuliza hali za kwenu mpaka ukachoka, na jioni bakuli lako likarudi limejaa kitu kizuri kuliko ulichopeleka. Mtu wa namna hiyo anachosha, wallahi. Alinichosha mimi, na nilimpenda hivyo hivyo.

Alikuwa mjane, na riziki yake ilikuwa kamba wa baharini. Pale kwetu Jomvu Kuu, nyuma ya nyumba, bahari huingia ndani kwa mkono mwembamba uliojaa mikoko kila upande, nasi tukiuita hori. Maji yakianza kutoka tulishuka wanawake wawili wawili, leso kuukuu moja, huyu kashika pembe hizi na huyu pembe zile, tukaipitisha chini ya maji polepole kisha tukaiinua kwa pamoja. Huko ndiko kutanda. Ukiwa na mwenzako mvivu utatanda maji matupu. Mwanasiti alinichukua niwe mwenzake hina ya harusi haijanitoka miguuni, na kila siku alinisuta kwa adabu zake: mwanangu, leso hiyo ni ya kutandia, ama wajifunikia ulale?

Mume wangu Mohdhar alikuwa mvuvi kama baba yake. Miaka ile ya mwisho ya mkoloni ndipo zilipoingia nyavu za nailoni, na siku alipozileta kutoka mjini alizitandaza barazani watu waje watazame. Wakaja, tena wakapanga foleni. Zilikuwa nyepesi, kijani cha kung'aa, hazinywi maji wala hazitaki kuanikwa. Baba yake alimaliza umri wake akichemsha magome ya mkoko ili atie dawa nyavu za pamba zisioze, na bado zilioza. Mohdhar akatamba mtaa mzima. Mimi mkewe nilitamba kumshinda.

Sasa sikiliza kosa letu. Nyavu ya pamba ikichakaa ilitupwa horini. Wazee walifanya hivyo na hawakukosea, kwa sababu mvua za masika zikipita mara moja tu, nyavu imekuwa tope. Nailoni nayo ilipochanika, wavuvi wakafanya walivyozoea. Si hao tu. Siku ya Mwaka, ule mwaka mpya wetu Waswahili, tulipokuwa tukifagia nyumba na kuzoa jivu la zamani jikoni kabla ya kushuka kuoga baharini, kila kikuukuu kilikwenda majini, ndiyo desturi. Zamani kikuukuu kilikuwa kifuu na kikapu kilichotoboka. Siku hizo kilikuwa kikombe cha plastiki kilichopasuka na kiatu cha plastiki kilichokatika. Tulitupa, tukaoga, tukarudi nyumbani tukiimba, tumefurahi kwamba mwaka mpya umetukuta wasafi.

Kamba wakapungua, kisha wakaisha. Wazee wakasoma dua pwani, na Mwanasiti akatoa unga wa mikate ya dua ile ingawa alikuwa hana wa kwake. Mohdhar akamwendea, akamwambia ahamie kwetu, tule tulicho nacho. Mama yake akamjibu inshallah. Inshallah ya mavyaa wangu nilikwisha kuijua, maana yake ni hapana iliyovikwa nguo nzuri.

Lakini nilikuwa nikitazama paa lake kila asubuhi, na moshi haukutoka. Nikimpelekea chakula, kinarudi na salamu, hakikuguswa, eti ameshiba. Hapo niliogopa kweli. Nilijua kwamba hata kamba wasiporudi mama huyu hatakuja kukaa kwangu. Atakaa kwake na jiko baridi mpaka Mungu amchukue, na mume wangu atabeba jambo hilo maisha yake yote.

Siku moja tukitanda karibu na mdomo wa hori, leso yetu ikanasa. Nikavuta, wapi. Mwanasiti akainama, akatia mkono topeni mpaka begani, akavuta taratibu, na zikatoka nyavu. Miaka imepita lakini rangi ile ile ya barazani, kijani kinang'aa, na ndani yake kaa waliokufa, samaki wadogo waliokufa, na kamba wetu wamebaki magamba matupu. Ukuta mzima wa nyavu ulikuwa chini mle, umefunga mlango wanakopitia kamba. Nikaona macho yake yamesimama mahali nyavu ziliposhonwa. Kila mvuvi ana fundo lake, na fundo lile, la kuzungusha mara mbili na kurudisha nyuma, hakuna mvuvi mwingine Jomvu aliyelifunga ila Mohdhar.

Waridi, jirani yetu wa ng'ambo ya hori aliyekuwa akitanda upande wake, akauliza tumepata nini. Mwanasiti akakunja kipande cha nyavu kilichotoka akakitia kapuni chini ya leso, akasema ni takataka tu za watu.

Tulipofika kwangu, Mohdhar alikuwa amekaa barazani akinywa kahawa. Mama akamwekea nyavu magotini. Mume wangu akalishika lile fundo kwa vidole viwili, na uso ukambadilika. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kuingia ndani.

"Fundo hili nimekufundisha mimi," mama akasema. "Lingekuwa baya lingekwisha kufunguka."

Kisha akacheka, na kwa kicheko chake Mohdhar naye akaweza kupumua. Hakumwambia zaidi ya hayo, wala hakumwambia mtu mwingine.

Siku ya Mwaka ikafika, mwaka ule ule wa Uhuru. Alfajiri watu wamejaa pwani, wanaume upande wao na wanawake upande wetu, kila mtu na takataka zake mkononi. Mohdhar akapanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa akasema kwa sauti, tumsikie sote:

"Nyavu zilizofunga hori ni zangu. Mwaka huu mimi situpi, natoa."

Akajitosa topeni na kanzu yake. Halafu Boga, mvuvi mwenziwe, mwanamume wa maneno mengi siku zote, akasema polepole kwamba hata zake zimo, akaingia. Baada ya hapo hapakuwa na wa kuhesabu aliyeingia.

Mavyaa wangu sasa akapata kazi aliyoipenda, kuchokoza. Akamwambia Waridi kwamba wanawake wa ng'ambo ile ya hori wana mikono laini mno, wasijisumbue, sisi tutatoa na zao. Lo, alikuwa amewasha moto. Wakaja na nyimbo za kutusema, tukawajibu na zetu, ngoma zikashushwa kutoka mtaani, na kila rundo lililotoka lilipigiwa vigelegele kama bibi harusi. Viatu vya plastiki vikatoka, vikombe, makopo, nyavu kwa nyavu. Waridi alivuta kiatu akakitambua ni chake, akapiga kelele, tukacheka mpaka tukaketi topeni. Vya plastiki vikafukiwa katika shimo la chokaa mbali na maji, na nyavu zikasokotwa ugwe wa kuwambia vitanda. Tulioga tukiwa wachafu kuliko siku yoyote, na sijawahi kuoga kwa furaha namna ile.

Kamba hawakurudi kesho yake. Mwanasiti alishuka kila maji yalipotoka, akapanda na kapu tupu, akasema kwamba wanaona haya, watakuja. Desemba ikaja. Siku ya Uhuru watu walivuka kwenda mjini kutazama bendera, na mavyaa akasema Uhuru ukimtaka utamkuta horini. Nikashuka naye huku nikinung'unika. Tulipoinua leso mara ya kwanza, ilikuwa nzito.

Mchana ule moshi ulitoka kwenye paa lake. Akaniita, nikaitika abee, akanipa bakuli la kamba wa nazi nimpelekee mwanawe. Mohdhar alikula, akafuta bakuli kwa kidole kama mtoto, machozi yakimtoka, na hakuyaficha.

Nikaliosha bakuli, nikalijaza mikate ya mofa niliyochoma mwenyewe, nikamrudishia. Nikangoja anikaribishe, anisifu, alifunike bakuli aliweke kando kama kawaida yake. Akachukua mkate mmoja, akaumega, akala palepale mbele yangu, akamega wa pili.

"Chumvi umezidisha," akasema, na akaendelea kula.