Mafuta ya maombi kwa fibre

Bamama, leo maombi yangu ilikata internet ya avenue. Musicheke kwanza.

Binti yangu Béa iko mu essai ya kazi ya kuunga fibre, waya ya internet, hapa Kikula. Leo nilimufuata kule. Chef wake anamuangalia: akishindwa, kazi imekwisha.

Ile waya ni kioo, nyembamba kama nywele, na internet inapita ndani kama mwangaza. Béa alisafisha ncha mbili, akaenda kuchukua kaboîte kadogo kenye kuzibana.

Nikaona nimusaidie na maombi! Nikapakaa ncha moja mafuta ya upako.

Akaunga. Mwangaza haikupita.

"Mama, uligusa?"

"Niliombea tu!"

Béa akakata ile ncha, akasafisha ingine na alcool, akaunga. Ikapita!

Chef: "Binti, kazi ni yako. Mama, weye ubakie nyumba."

Sasa pasta mwenye alinipa ile mafuta anangoja ushuhuda wangu dimanche ku kanisa. Nitasema nini?