Nilimpimia mbwa mzazi kopo moja kama mkata mkonge, nusura tulale barabarani

Wakuu, marahaba kabla hamjanisalimia, maana humu ndani wengi wenu ni wajukuu zangu.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani imeshikiliwa na uzi, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimekufa. Ninayosema yalinikuta mimi mwenyewe. Asiyeamini aje Zombo nimwoneshe ushahidi, uko jikoni kwangu.

Juzi mjukuu wangu wa kike kaja kutoka Morogoro na mifuko mitatu ya chakula cha mbwa. Mmoja wa watoto, mmoja wa mbwa mkubwa, mmoja wa mbwa mzee. Nyumba nzima ikacheka. Mbwa ana menyu!

Mimi sikucheka. Nilikumbuka mbwa wa zamani zile.

Twende taratibu.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mtunza stoo ya posho kwenye shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa. Posho ndiyo chakula cha wiki cha wafanyakazi: unga, maharage, chumvi. Nilikuwa na kopo la kupimia na kijiti bapa cha kusawazishia unga juu ya kopo. Kila mtu sawa. Mrefu, mfupi, mzee, kijana, kopo ni lile lile na kijiti kinapita.

Nilijivunia sana kile kijiti. Nilikiona ndiyo haki yenyewe.

Meneja wa shamba, mzungu, tukimwita Bwana tu, alikuwa na mbwa wawili wa kwenda nao kuwinda upande wa Mikumi. Besi, jike, alikuwa na mimba. Sajenti alikuwa mzee, meno yameisha, amebaki na heshima.

Bwana akaenda likizo kwao Ulaya, miezi miwili. Mpishi wake aliyezoea kuwalisha naye akapewa likizo. Funguo za chakula cha mbwa nikaachiwa mimi, kwa kuwa kilikaa stoo.

Akaniambia, "Nikirudi nataka niwakute wote wazima." Hakupaza sauti wala nini. Akapanda gari kwenda stesheni.

Sasa mjue kwa nini niliogopa hapo hapo. Mwaka uliotangulia mtunza bustani alifukuzwa kwa sababu ya kasuku. Kasuku alikula parachichi, akafa, na jioni ile ile mtu na mkewe na watoto wakatolewa kambini na vitanda vyao kichwani. Kwa kasuku, wakuu!

Na mimi nyumbani nilikuwa na mke, Damari, binti wa milima ya Vidunda, amejifungua wiki hiyo hiyo mtoto wetu wa kwanza, Yusta. Chumba chetu kilikuwa cha shamba. Kazi ikienda, chumba kinakwenda.

Kwa hiyo nikasema nitawalisha hawa mbwa kwa haki kabisa, asije mtu akanisema. Kopo moja la unga kila mmoja, napika ugali, naweka kipande cha nyama kavu, jioni mara moja. Besi kopo, Sajenti kopo. Kijiti kinapita juu.

Paka wa stoo sikumpa kitu. Tuliamini paka akishiba hakamati panya.

Siku chache baadaye Besi akazaa watoto sita. Mimi nikaendelea na kopo lile lile. Hata sikufikiria.

Wiki ya pili mbavu zikaanza kuonekana. Nikajipa moyo kwamba ni uchovu. Wiki ya tatu vile vitoto vinalia mchana kutwa, sauti nyembamba, na Besi anavisukuma kwa mguu visinyonye. Asubuhi moja nikakuta kimoja kimekauka pembeni.

Nilikizika nyuma ya stoo. Watano wamebaki. Nilikuwa nawahesabu asubuhi, saa nne, mchana na jioni, kana kwamba kuhesabu kunashibisha.

Sajenti naye akawa anameza ugali mgumu bila kutafuna, halafu anatapika na kujikunja. Na yule paka kahamia kambini kuiba dagaa za watu, panya wanatoboa magunia wanavyotaka. Kila upande ninaoangalia ni balaa.

Nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, akapita akaniambia niwape watoto pilipili ili wakue wakali. Halafu akaangalia Besi, akaguna, akasema, "Bwana anampenda huyu kuliko ndugu zake." Akaenda zake. Usiku huo sikupata usingizi.

Nikamwambia Damari. Nilikuwa nimemficha, mzazi haelezwi mambo ya kumtia hofu. Akamfunga Yusta mgongoni, akaja hadi kwenye banda, akamtazama Besi.

"Baba Yusta, huyu unamlisha nini?"

Nikamweleza kopo. Nikamwonesha hadi kijiti.

"Huyu ni mzazi," akasema. "Ana vinywa vitano vinamnyonya na wewe unampimia kama mkata mkonge?"

Akaendelea:

"Mimi nilipojifungua mama yangu kashuka toka Vidunda na kuku mkononi. Nakunywa uji toka alfajiri. Ungenipa kopo la jioni, huyu mwanao angekuwa hai?"

Babu yake Damari alikuwa mwindaji, amekulia kati ya mbwa. Mimi baba yangu alikuja huku kama manamba, kibarua wa mkataba kutoka mbali, mbwa kwetu alikula ukoko wa sufuria na kushukuru. Ndiyo tofauti yetu.

Siku ile ile akachukua supu yake ya uzazi, akaigawa. Nikamzuia. Akaniuliza, "Tukifukuzwa nitanyonyeshea wapi, relini?"

Hakumpa Besi nyama nyingi kwa pupa. Alianza na uji mwepesi wenye supu, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Alisema tumbo lililolala njaa halipokei sherehe. Baada ya siku mbili akaongeza nyama ya kuku, lakini mifupa ya kuku akaitoa yote kwa vidole, maana ikishapikwa inavunjika vipande vikali na kuchana utumbo. Mimi nikatembea hadi soko la Kilosa kutafuta dagaa, tukawa tunawatwanga na kuchanganya kwenye uji pamoja na karanga.

Watoto walipofungua macho vizuri na kuanza kutembea, tukawawekea uji laini kwenye sinia, mara nne kwa siku. Pilipili nyapara akaile mwenyewe.

Sajenti tukampunguzia. Naam, tukampunguzia! Mbwa anayelala kutwa halishwi kama anayenyonyesha. Ugali uliolowekwa kwenye supu hadi ukavunjika, nusu asubuhi, nusu jioni. Akaacha kutapika.

Paka akapewa dagaa wachache kila asubuhi. Akarudi stoo, akakaa, na panya akawakamata zaidi ya mwanzo. Kumbe mwenye njaa ndiye anayehama kazini.

Mngedhani hofu iliisha. Wapi.

Supu ilikuwa moja na wazazi walikuwa wawili. Yusta akaanza kulia jioni. Mwanzo nikadhani chango, msokoto wa tumbo. Halafu nikamwona Damari anamhamisha kutoka titi hili kwenda lile, na mtoto analiachia na kulia tena. Nikajua maziwa yamepungua.

Wakuu, nilikuwa nalala nikisikiliza vilio vya upande mmoja na kuwaza vya upande wa pili. Banda likinyamaza, namshukuru Mungu. Chumba kikilia, namwomba msamaha. Nikaanza kula mara moja kwa siku ili posho yangu iende kwa Damari. Suruali ikawa inafungwa kwa kamba ya mkonge. Ndivyo tulivyovuka.

Bwana akarudi. Nilisimama mbele ya banda. Akakuta watoto watano wanene, Besi anang'aa, Sajenti anatikisa mkia. Nikamweleza yule wa sita, sikuficha. Akatikisa kichwa tu, akainama akamshika Besi mbavu, akacheka kwa furaha. Akauliza nimemlishaje.

Nikasema, "Kama mzazi, Bwana."

Akapendezwa sana. Papo hapo akaamuru kwamba Besi apelekewe maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi hadi watoto waachishwe. Akasema mama anayenyonyesha anahitaji nyongeza, hilo kila mtu mwenye akili analijua.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Bwana, mke wangu naye ananyonyesha."

Hakukasirika. Alinieleza kwa upole kabisa kwamba posho ni ya anayefanya kazi.

Nikasema ndiyo Bwana. Kazi ilibaki, chumba kilibaki. Nilipaswa kufurahi. Nilirudi stoo nikakaa juu ya gunia, nikalia.

Jumamosi ikafika, watu wamepanga foleni ya posho. Wanaume wenye wake wazazi niliwajua wote, kambi ni ndogo. Nikachota unga, kopo likajaa hadi juu na kilima chake. Nikapapasa kijiti. Sikukiona. Nikamwaga kopo na kilima chake kwenye mfuko wa mmoja wao.

Nilifanya hivyo kila Jumamosi hadi naacha kazi, na kila Jumamosi nikiomba nyapara asipite. Kijiti nilisema kimepotea.

Hakikupotea. Damari alikuwa amekichukua, anakorogea uji. Yeye amelala makaburini sasa, Mungu amrehemu, na Yusta ni bibi wa watu. Mwiko ule bado uko jikoni, ndio ushahidi niliowaambia.

Nilichojifunza: chakula sawa si haki. Mtoto ana chake, mzazi ana chake, vikongwe kama Sajenti na mimi tuna chetu laini. Usimpimie kiumbe kabla hujamtazama yuko wapi katika maisha yake.

Wenye mbwa na paka, semeni humu mnawalishaje, nawasoma polepole. Na mwenye mzazi ndani, wa miguu minne au miwili, aweke simu chini kwanza akaangalie sufuria ya mzazi huyo.