Visu vya Katambuga

Baba yangu alikuwa fundi wa katambuga, viatu vya matairi, kule Itetemia. Kazi yote aliifanya kwa kisu kimoja, akikichovya majini kila anapokata, na mpini ulikuwa umelika kwa mkono wake hata mtu mwingine hakuweza kukishika sawasawa.

Miaka ile ya Ujamaa mafundi sita waliungana kuwa ushirika, wakataka kununua mashine ya kukatia matairi kutoka ng'ambo. Muuzaji akaleta kijitabu cha Kiingereza. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia. Nikaitwa.

"Haya, msomi," mwenyekiti akasema. "Umekula ugali wetu miaka yote. Leo cheua."

Baba alikichukua kile kijitabu akitazame. "Kimeandikwa Kiingereza, baba," nikamwambia, nikakivuta kutoka mkononi mwake.

Akauliza swali moja tu. "Na ule waya wa ukingoni mwa tairi? Inaukata?"

Sikujua. Nilikuwa nimesoma kurasa tatu. Zilizofuata zilijaa michoro, nami michoro ilinishinda tangu shule. "Inakata kila kitu," nikasema.

Wakatia saini. Mwenyekiti akapendekeza visu vya zamani vipelekwe kwa mhunzi, vifuliwe viwe miundu ya kuvunia mpunga wa shamba la Ujamaa. Baba alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akakitoa kisu chake.

Mashine ilishushwa stesheni kwa vigelegele. Tairi la kwanza lilikuwa la lori. Wembe wa mashine uligonga waya, wembe ukavunjika vipande viwili. Nikaandika barua kuomba wembe mwingine, barua nne, kwa Kiingereza kizuri sana. Hatukujibiwa.

"Basi turudie kazi ya mkono," fundi mmoja akasema.

"Kwa kisu kipi?" baba akamwuliza, bila ukali.

Alijaribu visu vya jikoni, vikapinda. Tangu hapo alivuna mpunga, na mambo ya mashine hakuyataja tena mbele yangu.

Tulipomzika nilifungua sanduku lake, nikakikuta kile kijitabu. Ukurasa wa nne hauna neno hata moja. Una picha ya mkono ulioshika kisu, unauondoa waya kabla tairi halijaingizwa kwenye mashine. Kisu chenyewe kinafanana na chake.

Kona ya ukurasa huo ilikuwa imekunjwa. Nyingine zote zilikuwa zimenyooka.